Dagaa mchele: kumjua, kumchemsha na kumkausha kabla hajaharibika

Saa kumi alfajiri boti ya dagaa ikigusa mchanga, jambo la kwanza ninalofanya si kuuliza bei. Nachota samaki watano au sita kutoka kwenye ndoo, nawalaza kiganjani na kuwamulika tochi tumboni. Tumbo likiwa limekaza na linang'aa kama fedha, naanza kuongea na mwenye mali. Likiwa limechanika, utumbo umetokeza ubavuni, naondoka hata kama bei imeshuka nusu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza kazi ya kuchemsha na kukausha dagaa wa baharini, au ambaye ameshaianza na mzigo wake unamharibikia bila kujua sababu. Wengi wetu tuliifunza kazi hii kwa kutazama: fulani kachemsha hivi, nami nichemshe hivi. Inafaa mpaka siku mvua inaponyesha, kuni zinapokuwa mbichi, au boti inapochelewa. Siku hiyo inabidi umjue samaki mwenyewe. Dagaa mchele ni mdogo, ngozi yake nyembamba, maisha yake mafupi, na mara nyingi hufa tumbo likiwa na chakula. Karibu kila hatua nitakayoeleza hapa imetokana na hayo.

Kwanza, hakikisha ni yeye

Neno "dagaa" linabeba samaki wengi wasiohusiana. Dagaa wa Kigoma, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, ni jamaa wa saladini aliyezoea maji baridi. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ambaye Wakenya humwita omena, ni jamaa wa ningu. Dagaa mchele wa pwani yetu si wa ukoo wa yeyote kati ya hao wawili. Yeye ni wa ukoo wa Engraulidae, na katika maji ya Afrika Mashariki utamkuta katika jenasi mbili: Stolephorus na Encrasicholina. Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa dagaa wa ziwani, usiubebe wote kuuleta baharini.

Mtambue kwa mdomo. Mshike kichwa kielekee kushoto na umtazame kwa upande. Pua yake imetangulia mbele ya taya la chini, na mdomo umepasuka kwenda nyuma sana, hadi kupita jicho. Ukimfungua kwa kucha, unaachama kuliko ulivyotarajia kwa samaki mdogo hivyo. Ubavuni ana mstari mmoja mpana wa fedha kutoka shavuni hadi mkiani, na nyama iliyobaki akiwa mbichi inakaribia kuonyesha upande wa pili. Pitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani: utagusa vijimwiba vichache vyembamba kati ya mapezi ya kifuani na yale ya tumboni, kisha basi.

Saladini mchanga na samaki aitwaye simu ni tofauti. Mdomo wao ni mdogo, uko mbele kabisa na umeelekea juu, na tumbo lina makali kama msumeno tangu kooni hadi nyuma. Anayechanganya watu ni dagaa mwingine mwembamba wa jenasi ya Spratelloides, kwa sababu aina yake mojawapo nayo ina mstari wa fedha ubavuni. Huyo mtazame mdomo vilevile: ni mdogo na haufiki mbali. Tumbo lake ni laini, halina mwiba hata mmoja.

Si kwamba hao wengine hawaliwi. Wanaliwa, na ni watamu. Lakini saladini ana mafuta mengi kuliko dagaa mchele na unene wake ni mwingine, kwa hiyo ukiwachanganya kwenye sufuria moja na kichanja kimoja, mchele atakuwa ameshaiva na kukauka wakati saladini bado ana maji ndani. Hapo ukungu huanzia kwa mmoja na kuhamia gunia zima. Wabague wakiwa wabichi.

Maisha yake, kwa kadiri yanavyokuhusu

Samaki wengi utakaowapokea wana urefu wa sentimita 5 hadi 8. Wengi hawafikishi mwaka mmoja. Wataalamu wanalijua hilo kwa kutazama kijiwe kidogo kilichomo ndani ya kichwa, kwenye sikio la samaki. Kijiwe hicho huongezeka duara moja kila siku, kwa hiyo chini ya darubini umri wa dagaa huhesabiwa kwa siku. Aina za Encrasicholina huanza kutaga zikiwa na miezi mitatu au minne tu.

Jike hutaga usiku, kwa mafungu, mara nyingi katika msimu mmoja. Mayai yanaelea majini bila mlinzi, na katika maji yetu ya joto hutotolewa baada ya kiasi cha siku moja. Kinachotoka ni kijisamaki kama uzi wa kioo. Mstari wa fedha huja baadaye.

Chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, hasa kopepodi na mabuu ya kamba na kaa. Yeye mwenyewe ni chakula cha vibua, nguru, jodari, pomboo na ndege wa baharini. Mvuvi anapoona ndege wanatumbukia kwa pamoja huku maji yanachemka, mara nyingi chini yake kuna kundi la dagaa linalosukumwa juu.

Mtu anaweza kudhani samaki wa maisha mafupi na mwenye kutaga mara kwa mara hawezi kwisha. Mimi naona kinyume chake ndicho cha kuogopa. Samaki anayeishi miaka kumi akikosa msimu mmoja ana mingine. Dagaa mchele akivuliwa kabla hajataga, hana mwaka wa pili. Ndiyo maana nakushauri uwe na daftari. Kila unaponunua, chukua samaki 20 bila kuchagua, walaze kwenye rula, andika urefu wao. Pasua matumbo ya watano uone kama wana mayai. Inakuchukua dakika kumi. Ukiona kwa wiki kadhaa wanaoletwa ni wa sentimita 3 au 4, wenye mwili wa kioo na mstari usiojaa, acha kuwanunua. Hao ni watoto. Hata kibiashara hawafai: kwenye maji yanayochemka hupasuka vichwa, na wakikauka wanabaki unga.

Soma mwezi kabla ya kutoa pesa

Dagaa mchele huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za umeme za betri au jenereta. Samaki huvutwa na nuru, na vijidudu anavyokula navyo hukusanyika hapo hapo. Wakishajaa chini ya taa, nyavu huzungushwa. Mbalamwezi ikiwa imetanda bahari nzima, taa ya boti haina nguvu ya kuwaita. Kwa hiyo kazi hufanyika kipindi cha giza, na siku zinazozunguka mwezi mpevu boti hukaa pwani.

Hili linakupangia hata saa ya kuamka. Mwezi unapokua, huwa uko angani tangu magharibi na huchelewa kuzama kila usiku. Giza linapatikana mwishoni, kwa hiyo boti hurudi alfajiri au asubuhi. Mwezi ukishapita upevu, huchomoza ukichelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Giza linakuwa mwanzoni mwa usiku, na boti zinaweza kurudi usiku wa manane. Mzigo wa usiku wa manane una hatari yake: jua liko mbali, na mtu ana kishawishi cha kuuacha kwenye ndoo hadi kupambazuke. Usifanye hivyo. Kama huna barafu wala huwezi kuchemsha usiku huo huo, usinunue.

Tazama na msimu. Kaskazi ina jua na upepo mkavu. Kusi ina upepo mwingi na bahari yake mara nyingine haiendeki kwa boti ndogo. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo miezi ya hasara kwa anayetegemea jua peke yake. Anayeanza ningependa aanze Disemba au Januari, ajifunze wakati hali ya hewa inamsaidia.

Kununua: dakika tatu za ukaguzi

Dagaa huuzwa kwa ndoo, mara nyingi ndoo ya lita 20, na mnada unakwenda haraka. Wengi huangalia samaki wa juu tu. Ingiza mkono hadi chini ya ndoo, utoe wa katikati na wa chini, kwa sababu hao ndio walioanza kupondwa na kupata joto.

Jicho liwe limejaa, leusi, halina utando. Mstari wa fedha uwe mzima. Ukifutika kwa kuguswa, samaki amekaa sana. Ukimshika kichwa, mwili unyooke kidogo kabla ya kulegea. Harufu iwe ya bahari. Na tumbo, kama nilivyosema, ndilo la kwanza. Dagaa mchele aliyekula chini ya taa ana vimeng'enya vikali tumboni vya kusaga chakula. Akifa, havijui kwamba amekufa. Vinaendelea kusaga, na kitu kilicho karibu ni tumbo lenyewe, ambalo ukuta wake ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Katika joto la pwani tumbo huanza kulegea baada ya saa chache tu, na likipasuka uchafu wake unaenea kwa wenzake wote.

Muulize nahodha jambo moja: walivuliwa saa ngapi? Uliza kwa adabu, na umuulize pia baharia mwingine. Kutoka saa hiyo, si kutoka saa ya mnada, ndipo unapoanza kuhesabu.

Saa unazohesabu ni za nini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua ndoo nane alfajiri. Kuni zangu zilinyeshewa usiku. Nilihangaika na moto mpaka saa nne asubuhi, dagaa wakiwa kwenye ndoo zile zile, juani. Nilipowachemsha, matumbo mengi yalikuwa yamefunguka, lakini nilijiambia maji yanayochemka yanaua kila kitu. Jioni tulipika wa kwetu mchuzi wa nazi. Kabla ya isha mama mdogo alikuwa mwekundu uso na shingo, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha, moyo unamwenda mbio. Tulidhani mtu amemdhuru. Daktari alituuliza swali moja: mmekula samaki gani, na alikaa wapi kabla ya kupikwa?

Dagaa wa ukoo huu, kama walivyo jodari na vibua, nyama yao ina wingi wa kitu kiitwacho histidini. Samaki akiwa hai haina madhara. Akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, na hiyo ndiyo inayoleta wekundu, muwasho na kuumwa kichwa. Ikishatengenezwa, haitoki. Kuchemsha huua bakteria lakini histamini inabaki. Kukaanga haiondoi, kukausha haiondoi, chumvi haiondoi. Samaki anaweza hata asinuke. Kwa kipimo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, samaki wa namna hii hawapaswi kuzidi miligramu 200 za histamini kwa kilo, na mzigo unaokwenda nje unaweza kukataliwa kwa hilo peke yake.

Mama mdogo alipona siku ya pili. Nilimwaga mzigo wote shimoni, na tangu hapo kuni zangu hulala ndani ya nyumba.

Kinga yake ni baridi au haraka, na ukiweza vyote viwili. Kwa nchi zetu za joto, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu iliyopondwa. Panga tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu, kwenye tenga au sanduku lenye tundu chini ili maji yatoke. Usijaze kina kirefu. Wa chini watapondwa. Ukiwa huna barafu, basi mahali pa kuchemshia pawe hatua chache kutoka diko, yaani pale boti zinapoteremsha samaki, na moto uwe unawaka kabla boti haijafika. Mwenye bahati ya kununua kutoka kwa boti inayobeba barafu baharini amlipe nahodha huyo zaidi. Anastahili.

Kuchemsha

Andaa vitu hivi usiku: sufuria kubwa au pipa safi lililokatwa, jiko, kuni kavu, chumvi, mizani, vikapu vya plastiki vyenye matundu au ndoo zilizotobolewa, na mahali pa kuchujia. Jiko la kujengwa kwa udongo au matofali lenye mlango mmoja wa kuni linakula kuni chache kuliko mafiga matatu, na moto wake hautawanywi na upepo wa pwani. Kuhusu kuni, nakusihi usichome mikoko. Ni mazalia ya kamba na samaki, na hukua polepole. Mvinje uliopandwa unawaka vizuri.

Osha dagaa kwa maji safi ya chumvi, haraka, mara moja au mbili, ukitoa mwani, vijisamaki vingine na mchanga. Usiwaloweke. Usiwasugue.

Sasa maji. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita. Mimi napenda yafike kama gramu 60. Kwa sufuria yenye lita 40 za maji ya bahari, tayari una kilo 1.4 ya chumvi. Ongeza kilo moja, upate gramu 60 kwa lita. Ukitumia maji ya kisima au ya bomba, itabidi uweke kilo 2.4. Maji ya bahari yachotwe sehemu safi, mbali na diko, mtaro na injini za boti. Chumvi hii inafanya kazi mbili: inakaza nyama ili samaki asivunjike, na inamchelewesha adui wakati wa kukauka. Ukizidisha, dagaa hutoka na unga mweupe juu na hunyonya unyevu wa hewani, maana chumvi hupenda maji.

Subiri mpaka maji yachemke kwa nguvu. Weka kilo 4 au 5 tu kwenye kikapu, kisha kizamishe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka: wanatumbukiza ndoo nzima, maji yanapoa, na inachukua muda mrefu kuchemka tena. Wakati huo samaki haivi wala habaki mbichi. Analowana, ngozi inavuliwa, vichwa vinang'oka. Kwa mzigo mdogo, maji hurudi kuchemka upesi. Yakisharudi, hesabu dakika 2 hadi 3.

Usitegemee saa peke yake, mtazame. Jicho linageuka kutoka jeusi na kuwa jeupe kama punje ya wali. Mwili unapoteza uangavu wote. Samaki wanaanza kupanda juu ya maji. Chukua mmoja, mpasue kwa vidole: nyama iachane na mwiba wa mgongo bila damu wala utelezi. Akifika hapo, toa. Dakika moja ya ziada inamgeuza kuwa vipande.

Toa povu kila baada ya kikapu. Lile povu la kijivu ni protini na mafuta. Likibaki, linawashika dagaa wanaofuata, wakikauka wanakuwa na rangi chafu. Kila vikapu vitano hivi ongeza chumvi kidogo na maji, kwani samaki huondoka na chumvi na mvuke huondoka na maji. Maji yakiwa mazito na ya kahawia, mwaga yote uanze upya. Najua kuni ni ghali na inauma kumwaga maji yaliyochemka. Lakini mzigo wa mwisho ukitofautiana rangi na wa kwanza, mnunuzi ataulipia wote kwa bei ya ule mbaya.

Weka kikapu juu ya mawe au mbao kichujike kwa kama robo saa. Acha mvuke utoke. Usimwage dagaa wa moto kwenye lundo.

Kuanika

Usianike chini. Natamani kila mtu mwenye dagaa aliyetandazwa mchangani au kando ya barabara angepima mchanga unaotoka kwenye kilo moja yake. Zaidi ya mchanga kuna kuku, mbwa, paka na miguu ya watu. Hata anayeanika juu ya turubai ana tatizo: hewa haipiti chini, samaki anakauka mgongo tu.

Jenga kichanja. Miti iende juu kiasi cha mita moja, upana usizidi mita 1.2 ili mkono wako ufike katikati kutoka upande wowote, na urefu kadiri ya eneo lako. Juu tandika wavu wa matundu madogo, uukaze sana. Ukilegea unaweka bonde, na bondeni samaki huoza. Kielekeze kichanja upepo unakopita. Upepo unafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siku ya jua kali bila upepo dagaa hutota jasho, na siku ya mawingu yenye upepo mkavu hukauka.

Tandaza safu moja, samaki asipande juu ya samaki. Dagaa mmoja wa sentimita 6 ana uzito wa gramu moja na nusu au mbili, kwa hiyo ukimtandaza vizuri, mita moja ya mraba haitabeba zaidi ya kilo 3. Fanya hesabu hiyo kabla hujanunua. Mwenye kichanja cha mita 20 za mraba akinunua ndoo kumi, hana pa kuziweka, na atarundika.

Saa ya kwanza usiwaguse. Ngozi bado laini. Baada ya hapo wageuze kila saa moja au mbili kwa mkono mkavu na safi. Inzi hupenda samaki mbichi na aliye majimaji, ndipo hutaga mayai yao. Dagaa aliyechemshwa kwa chumvi huwavutia kidogo kuliko aliyeanikwa mbichi, ila saa mbili za mwanzo funika kwa chandarua kilichoinuliwa juu ya samaki bila kuwagusa. Kuna watu hunyunyizia dawa ya wadudu. Hiyo ni sumu inayokwenda moja kwa moja tumboni mwa mlaji, kwa sababu dagaa huliwa mzima. Asikushawishi mtu.

Siku ya kaskazi yenye upepo, aliyewekwa asubuhi anaweza kuwa amekauka jioni. Kama bado, usimwache nje usiku: umande unarudisha maji uliyoyatoa kutwa nzima. Mwingize ndani akiwa ametandazwa kwenye trei za wavu zilizopangwa kwa nafasi, si ndani ya gunia. Mvua ikikukuta, fanya vivyo hivyo. Anayekusudia kufanya kazi mwaka mzima ajenge kibanda cha plastiki angavu chenye mlango wa hewa chini na tundu la kutokea juu. Joto la ndani hupanda, hewa yenye unyevu hutoka, na mvua haiingii.

Je, amekauka?

Mkunje. Aliyekauka anavunjika kwa mlio. Aliye na maji anapinda. Lakini jaribu samaki wanene wa katikati ya kichanja, maana wa pembeni hukauka mapema. Halafu pima trei moja kwenye mizani saa nane, uipime tena saa kumi. Uzito ukiwa umeshuka kwa kiasi cha kuonekana, bado kuna maji yanayotoka.

Lengo ni maji yasizidi kiasi cha asilimia 15. Hapo kuna hesabu inayokusaidia kupanga bei. Katika kilo 100 za dagaa mbichi, kama kilo 75 ni maji na 25 ni nyama, mifupa na mafuta. Ukikausha hadi asilimia 15, kilo 25 zile zinakuwa sehemu 85 katika mia, yaani jumla inakaribia kilo 29. Toa wanaovunjika na kinachobaki kwenye maji ya kuchemshia, ongeza chumvi kidogo iliyoingia, utaona unabaki na karibu robo ya ulichonunua. Kwa hiyo kilo ya dagaa mkavu inabeba gharama ya kilo nne za mbichi, kabla hujahesabu kuni, chumvi na mikono. Mtu akikuuzia mkavu kwa bei isiyokubaliana na hesabu hiyo, ama anauza maji, ama anauza mchanga.

Kuhifadhi na kuuza

Acha wapoe kabisa kivulini kabla ya kufunga. Ukifunga wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Bagua: wazima weupe peke yao, waliovunjika peke yao kwa ajili ya chakula cha kuku. Wanunuzi wa Kongo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakija Zanzibar kuchukua dagaa waliochemshwa na kuwasafirisha kupitia Dar es Salaam, hutia mkono ndani ya gunia na kuvuta wa chini. Mchanga, rangi ya kutu na vipande vyote huonekana hapo.

Rangi ya manjano au ya kutu maana yake mafuta ya samaki yameshikwa na hewa na mwanga, yameanza kuchacha. Haizuiliki moja kwa moja, hupunguzwa tu: mfuko mzito wa plastiki ndani ya kiroba, hewa ikisukumwa nje, ghalani penye kivuli, juu ya mbao, mbali na ukuta. Adui mwingine ni mdudu mdogo mweusi mwenye mgongo mgumu, ambaye mabuu yake yenye manyoya hutoboa samaki mkavu na kuacha unga chini ya gunia. Ukiona unga huo, toa mzigo wote juani siku hiyo hiyo, upepete, usafishe ghala kabla ya kurudisha.

Andika kwenye kila gunia tarehe ya kukausha na boti iliyomleta. Mteja akilalamika miezi miwili baadaye utajua tatizo lilianzia wapi, na akisifu utajua nahodha wa kumfuata.

Mwezi ukiwa mpevu na boti zimeegeshwa, fungua magunia uliyobaki nayo, unuse, uyaanike tena saa mbili tatu. Kaza nyavu za vichanja, ziba bonde lililoanza kulegea, piga deki mahali pa kuchujia, nunua chumvi, ingiza kuni ndani. Giza likirudi, boti ya kwanza inaweza kukukuta umelala.